Habiba Hajarudi Darasani

Ruaruke, 12 Februari 2024

Shikamoo shangazi,

Unaendeleaje na mguu wako? Shule ya huko Nyamwage inaendaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio umechoka. Darasa la pili wako themanini na saba, na niko peke yangu. Wiki mbili zilizopita nilimchapa mtoto anaitwa Habiba kwa kuongea wakati mwenzake anasoma. Hakulia, alinitazama tu. Tangu siku ile hajarudi. Walimu wenzangu wanasema atarudi mwenyewe. Wewe una miaka ishirini na sita kazini, nifanyeje?

Mwanao,
Imani

Nyamwage, 20 Februari 2024

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima, mguu unauma nikisimama sana tu. Nenda kwao. Usitume mtu, nenda mwenyewe ukamwombe radhi mbele ya mama yake. Fimbo iache. Asubuhi simama mlangoni, msalimie kila mtoto kwa jina. Kanuni za darasa zitungeni pamoja, zisizidi tatu. Mtoto akifanya vizuri, mtajie hasa alichofanya.

Shangazi yako,
Kristina

Ruaruke, 21 Aprili 2024

Shikamoo shangazi,

Pole na mguu. Nisamehe kwa kimya. Niliona aibu kukuandikia kabla sijaenda, na kwenda kulinichukua karibu miezi miwili.

Nilimkuta Habiba nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, ameshika kijiti. Kila mche anauita jina la mwanafunzi, kisha anauchapa. "Kaa kimya wewe!" Sauti ilikuwa yangu, shangazi. Hata ninavyokohoa kabla ya kuchapa, alikohoa hivyo hivyo.

Mama yake, Bi Mwanamina, akaniambia, "Mwalimu, weye mchape tu, bora asome."

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Sitamchapa tena."

Habiba akauliza, "Na wengine?"

Nikasema, na wengine.

Siku ya tatu akaja. Darasa bado lina kelele, mwalimu wa chumba cha pili ananitania kwamba nimefungua soko. Lakini Ijumaa nilimwambia, "Habiba, umemsubiri Saadi amalize kusoma ndipo ukaongea." Akaficha uso kwenye daftari, anacheka. Ahsante, shangazi. Haya yote ni yako.

Mwanao,
Imani

Nyamwage, 4 Mei 2024

Marahaba mwanangu,

Natumaini u mzima. Usinishukuru. Yale niliyokuandikia niliyapata kwenye mafunzo kazini mwaka juzi. Niliyaandika vizuri, kwa wino wa rangi mbili, na Jumatatu yake nikaingia darasani na fimbo kama kawaida. Hata siku niliyokujibu nilikuwa nimechapa watoto wanne.

Lile swali la Habiba limenikaa moyoni. Jana niliingia bila fimbo. Watoto walinitazama mikono kwanza, kisha fujo ikaanza. Nusu ya somo sikufika, sauti imenikauka. Mtoto mmoja wa dawati la mbele, Kondo, alinifuata mlangoni akaniuliza kama ninaumwa.

Wewe wiki ya kwanza uliivukaje? Usiniandikie ya kwenye mafunzo, hayo ninayo. Niambie ulichofanya, hata ulipokosea. Jumatatu nitaingia tena hivyo hivyo, na ninaogopa.

Shangazi yako,
Kristina