Neno Alilolitamka Fundi Simu

3 Machi

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Hujambo na kazi za cherehani? Mimi sijambo, tena nang'aa! Ndoa tamu, Mama, jamani! Mume wangu akirudi kazini ananiita "malkia" kabla hata hajavua viatu. Mapazia uliyonishonea nimeyatundika chumbani. Asubuhi jua likipenya hapo namtazama alivyolala, moyo unaruka.

Ukinikosa kwenye simu usihangaike. Huku mtandao unasumbua sana.

Wako akupendaye,
Bintiyo

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo tu, ule ule. Nimefurahi kusikia habari za umalkia. Mimi baba yako aliniita "we mama" mpaka tunamzika.

Nilipeleka simu yangu kwa fundi nikidhani imekufa. Akakupigia kwa simu yake, ikaita vizuri. Akasema, "Mama, umeblokiwa." Wateja wakacheka. Nikacheka nao, nisionekane mshamba. Njia nzima nikawa nalirudia neno lisinitoke. Wewe uliyefika kidato cha nne, niambie: maana yake nini, na dawa yake ni nini?

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Barua yako nimeisoma nimejifungia bafuni.

Ni kitenzi cha Kiingereza. Kubloki ni kuzuia: wanabloki barabara, uchafu unabloki bomba, na mtu hubloki namba ya simu asiyotaka impate. Nimefungua kamusi ya mume wangu. Asili yake ni gogo la mti. Naandika kama mwalimu, Mama, kwa sababu naogopa kufika kwenye sentensi inayofuata.

Gogo nililiweka mimi. Siku ile uliponipigia mara ya mwisho tulikuwa mezani na mawifi, simu iko kwenye spika, ukauliza kwa ile sauti yako ya kushindana na cherehani: "Tumbo limefunguka? Umeshaenda choo?" Mawifi wakaangua kicheko. "Bi harusi, mjibu mama basi!" Nikakata, nikakubloki palepale, chakula kikiwa mdomoni. Mtandao haukuwa na kosa lolote.

Mume wangu hakujua. Leo nimemwambia. Alivua viatu, hakuniita malkia.

Nimekufungulia. Nipigie, hata tukiwa mezani. Nitaweka spika mwenyewe.

Bintiyo, asiye na uso wa kukutazama

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Niliposoma habari ya ile meza nilisimamisha cherehani. Kumbe nilikuaibisha mbele za watu, nami huku nimeketi nasubiri unijibu! Tangu hapo kila nikishika simu kidole kinaona haya. Kwa hiyo sipigi.

Lakini umesema gogo umeliondoa. Basi pita wewe, uje. Mlango wangu unaujua, na huyo mumeo mwambie avae viatu vyake akusindikize.

Na tumbo je, limefunguka?

Mama