Muuzaji Hajali

Jumatatu, 1 Septemba
Nimefungua duka saa kumi na moja jioni kama kawaida. Nimepangusa vumbi la malori kwenye wavu wa chuma, nimepanga robo za pombe kali mbele, chupa kubwa nyuma, nimeketi. Kupitia wavu huu watu huja vipande vipande: mkono, kidevu, kola ya shati. Wao nao hawanioni vizuri. Ndivyo nipendavyo.

Baba Furaha kaja mapema. Kachukua robo yake. Hapa dirishani hatuitani majina. Mkewe ndiye rafiki yangu wa pekee Mombasa nzima, na mkewe anadhani nauza unga na sukari kwa jumla. Mzee wa watu hutembea kutoka Chaani mpaka huku Magongo ili watu wa kanisa wasimwone. Akaja kuniangukia mimi! Hajaniumbua, sijamuumbua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Baadaye kidogo karudi kutaka ya pili. Nimekataa. Robo moja kwa siku, hiyo ni sheria niliyomwekea mwenyewe, sikutumwa na mtu. Kanung'unika, kaenda zake.

Jumatano, 3 Septemba
Mutheu, mwenye duka, kapita kukagua. Kasikia nafukuza wateja. Si mtu mbaya, na bure nisimsingizie. Kasema, "Wewe uza tu, Mbeyu. Hapa si hospitali." Nimeitikia sawa.

Baba Furaha aliporudi mara ya pili nikamwambia robo zimekwisha. Zilikuwa nyuma yangu, safu tatu. Alizitazama, akanitazama mimi. Akaenda zake.

Jumamosi, 6 Septemba
Kwa Mama Furaha. Kila Jumamosi mchana nala kwake, mwaka wa tisa sasa. Huingia bila hodi.

Leo kulikuwa na kazi. Kaunti imeita wananchi mkutanoni watoe maoni kuhusu maduka ya pombe, na kina mama wa kanisa wanapeleka barua. Mama Furaha kanisukumia karatasi. "Mwandiko wako ndio unaosomeka, mwenzangu. Mimi nasema, wewe andika."

Nimeandika. Ombi la kwanza: maduka ya pombe ya watu binafsi yafungwe. La pili: ikiwa pombe lazima iuzwe, basi kaunti iuze yenyewe, duka moja kwa kila wadi, na muuzaji awe wa mshahara, asiwe na faida yoyote mtu akinywa zaidi. Hilo kalifikiria peke yake, jikoni, akikuna nazi. Ana akili kuliko kamati nzima.

Halafu akasema: andika, muuzaji hajali. Anamwona mtu anakufa na bado anampa.

Nikaandika. Herufi zikatoka nzuri kama zile za mwanzo. Hilo ndilo linalonitisha usiku huu. Kisha nikatia sahihi, jina la kumi na nne, maana ningekataa angeniuliza kwa nini. Mutheu atakuwa matangani Machakos siku ya mkutano, hatayaona majina.

Baba Furaha alikuwa akila nasi. Wali na mchuzi wa papa. Hakuinua macho. Mchuzi ulikuwa mtamu, nami niliongeza mara mbili, sina haya.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani nimepongezwa kwa mwandiko. Mchana nimelala. Binti yangu wa Nakuru hajapiga simu. Hupiga mwezi ukiandama, na akipiga huwa yuko njiani anakwenda mahali.

Jumanne, 9 Septemba
Wateja wachache, mvua. Nimekaa nikilifikiria hilo duka la kaunti.

Muuzaji wake atakuwa na kitambulisho shingoni na likizo ya mwaka. Akimkatalia mlevi, hakuna wa kumfukuza kazi. Vizuri. Lakini akimpa, nani atamuuliza? Atajuaje kwamba huyu ana presha, na dawa zake hupangwa juu ya friji karibu na kopo la chumvi? Mimi najua kwa sababu nala kwake. Kwa Mutheu nakataa kwa wizi. Kwa kaunti ningekuwa na ruhusa ya kukataa, na nisijue nimkatalie nani. Mama Furaha angenijibu hili vizuri. Ndiye pekee nisiyeweza kumuuliza.

Nilishika simu nimwambie kweli. Nikaiweka. Nikimwambia, Jumamosi zimekwisha. Nisipokwenda kwake Jumamosi nitakwenda kwa nani?

Mimi mwoga. Basi.

Alhamisi, 11 Septemba
Njia ya mwongo fupi.

Ukumbi wa mkutano ulijaa. Nikaingia na kina mama, nikaketi safu ya tatu, nikamwona Mutheu mbele kabisa. Matanga yameahirishwa.

Mama Furaha kasoma barua. Sauti yake ya kwaya, kila neno likisikika. Alipofika "muuzaji hajali" watu wakapiga makofi. Jamaa mmoja nyuma kauliza, serikali ikiuza pombe, dhambi itakuwa ya nani? Wakacheka. Hata afisa wa kaunti kacheka. Kasema sheria ilivyo sasa kaunti hutoa leseni au kunyima, haifungui duka lake, lakini maoni yameandikwa. Karatasi ikapitishwa mbele, wenye maduka wayaone majina.

Mutheu kasimama. Hakufoka, na heri angefoka.

"Mnasema muuzaji hajali. Wangu ameketi hapo, mwenye kitambaa cha kijani. Ameandikwa wa kumi na nne. Mimi napoteza wateja kwa sababu yeye hukataa kuwauzia. Muulizeni yeye."

Watu wakageuka. Mama Furaha kageuka wa mwisho.

Nikasimama. Nikasema ni kweli, nauza. Nikasema yuko mtu ninayempa robo moja kwa siku na kumkatalia ya pili. Sikumtaja. Haikuhitajika. Nilimwona Mama Furaha akiitafuta ile karatasi, akaipata, akautazama mwandiko wangu kwa muda mrefu. Kisha akaketi mahali pengine.

Ijumaa, 12 Septemba
Mutheu kanipigia asubuhi. Kanifuta kazi kwa upole. Kukataa wateja angenivumilia, kasema, lakini sahihi hapana. Ana haki. Nimempelekea ufunguo mwenyewe. Tumeagana kwa mikono.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimepika. Wali umeungua.

Jumapili, 21 Septemba
Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi huku na huku. Watoto bado wananiamkia shikamoo, hawajafundishwa. Mama Furaha kaimba bila kunitazama.

Nadhani kuuza angenisamehe. Kila mtu hutafuta mkate wake, na yeye anajua mwanamke wa peke yake huishi vipi. Asilosamehe ni kwamba nilimwuzia mumewe jioni na Jumamosi nikaketi naye nikasikiliza akilia kwamba hajui mumewe anaipata wapi pombe. Nami nikimpa leso afute machozi. Mimi mwenyewe sijisamehe.

Nimemwandikia ujumbe. Nimeufuta. Nimeuandika tena, mfupi zaidi. Nimeufuta.

Nimesikia maduka yote yamepewa leseni, la Mutheu pia. Ameweka muuzaji mpya.

Jumatano, 1 Oktoba
Asubuhi nimemkuta Baba Furaha ameketi kizingitini kwangu. Miguu imevimba, viatu havikufungika. Nimemletea maji. Kanywa yote.

Kaniambia yule mpya ni mwepesi. Humpa mbili, tatu. Jana nne. Hamuulizi kitu. Hakuwa akijisifu. Alikuwa akilalamika, kama mtu anayesema bomba la mtaani limekauka na hakuna anayelishughulikia.

"Sasa nani atanikataza, shemeji?"

Nimemshika mkono nikamrudisha kwake. Kutoka Magongo hadi Chaani tulipumzika mara tano. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakayomwambia mkewe, na yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa mazuri.

Nikapiga hodi. Mama Furaha kafungua. Kamtazama mumewe miguu, kampokea, kamwingiza ndani polepole. Nikasikia kiti kikivutwa. Nikangoja. Karudi mlangoni, kajifuta mikono.

"Asante," akasema. "Asante sana, dada."

Kwa adabu kabisa. Miaka tisa hatukuwahi kuambiana asante, yeye na mimi, kwa lolote.

Nimesema, "Haya." Nimerudi, nimefua, nimeanika.