Tulivyongoja Ugali kwa Mchina

Mama,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Uwanja nimeshaufagia na kuurudia, mpaka Mama Oduor wa nyumba ya pili akanicheka kutoka mlangoni kwake: "We Nafula, umepoteza sindano?" Sikumjibu. Unanijua mimi na kujibu watu. Na vumbi jeupe la ziwani limeanza kupanda tena, kwa hiyo hata nikifagia mpaka jioni ni kazi bure.

Baba amempeleka Simiyu kunyolewa. Amesema akirudi atataka jibu langu. Ndiyo maana nakuandikia. Nikikusemesha kwa mdomo nalia, lakini nikiandika mkono unanilazimisha kwenda polepole.

Kwanza habari za hapa, maana ungeziuliza. Nimemaliza Form Four. Matokeo bado. Simiyu ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kupitia pengo, siku nzima, hata kanisani. Vitunguu vyako vya majani nyuma ya jiko havijafa. Navikata, vinarudi. Sufuria yako kubwa bado imetundikwa kwenye msumari. Tunapika kwa ile ndogo kwa sababu tuko watatu, na kwa sababu sikutaka kuishusha ile nyingine.

Baba bado yuko reli. Anatoka asubuhi, anarudi, anavua viatu, anakaa. Tangu tulipokupeleka nyumbani kwa treni na kukuzika, hajalitamka jina lako. Hata mara moja, Mama. Akilazimika kukutaja anasema "wakati ule." "Wakati ule blanketi hili lilikuwa jipya." "Wakati ule tulikuwa na kuku." Mimi nainama na kuosha vyombo ambavyo nimeshaviosha. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba amekusahau, na kwamba kukukumbuka ni kazi iliyobaki kwangu peke yangu, kwa sababu Simiyu alikuwa mdogo mno.

Sasa lazima nikwambie lililonileta. Kuna mwanamke.

Anaitwa Selina. Ni mtu wa kwetu, mjane, anafanya kazi kwenye kiwanda cha blanketi. Hana mtoto. Akitoka kazini nywele zake zina manyoya ya sufu kama amepita chini ya kuku wanaopigana. Anacheka kwa sauti. Hata barabarani anacheka kwa sauti. Nilipomwona mara ya kwanza akiongea na Baba kwenye lango la landi, hizi nyumba zetu za reli, nilipita upande wa pili kama simjui hata Baba.

Kisha Baba aliniita. Alisema kama mtu anayesoma amri za treni: "Nafula, wewe ndiwe mkubwa. Wewe ndiwe uliyeuguza wakati ule. Nataka kumleta Selina hapa. Ukikataa nitamwambia hapana, na sitakuuliza sababu." Baba mkubwa aliposikia huko nyumbani alikasirika. Alituma neno: tangu lini ndama akamchagulia ng'ombe malisho? Lakini Baba hakubadilisha.

Afadhali angebadilisha. Mimi nimewahi kuamua nini? Hata utepe wa nywele ulinichagulia wewe. Usingizi uliniruka. Nikisema ndiyo, naona kama nakusukuma nje ya mlango wako. Nikisema hapana, namwona Baba amekaa na viatu mkononi mpaka uzee.

Halafu akasema Jumamosi tutakula pamoja, sisi watatu na huyo Selina, ili nimwone vizuri. Nikauliza wapi. Akasema, "Kwa Mchina."

Beseni lilikaribia kuniponyoka. Mji huu una hoteli ngapi? Kuna ya Msomali yenye pilau, kuna ya Mhindi yenye sambusa, kuna chai na mandazi pale stesheni. Kwa nini kwa Mchina? Pale ni petu, Mama. Ni pangu na wewe.

Unakumbuka. Najua unakumbuka, lakini acha nikuandikie ili nami nikae chini.

Ulikuwa unampelekea mke wa Mzee Lim kabichi na vitunguu, kupitia mlango wa nyuma, na yeye alikuita Mama Kabichi. Nilipopasi mtihani wa darasa la saba ulimwambia, naye akakuambia tuje siku hiyo kupitia mlango wa mbele. Ulivaa kitambaa chako cha kanisani. Ulinipaka mafuta mpaka nzi wakateleza. Baba alikuwa safari, Simiyu ukamwacha kwa Mama Oduor.

Tulikaa meza ya dirishani. Mke wa Mzee Lim akaleta mabakuli mawili makubwa yanayotoa moshi, tambi ndefu ndani ya supu, na vipande vya nyama na vitunguu juu. Vitunguu vyako mwenyewe! Ulivitambua, ukavigusa kwa ncha ya kidole. Kisha ukanong'ona, "Mboga ni nyingi sana. Watu hawa ni wakarimu." Tukaweka mikono mapajani, tukangoja.

Nilitazama watu wengine wanakula. Karani mmoja mwenye tai alikuwa anavuta tambi mdomoni kwa kelele, fyuuu, kama ng'ombe anayekunywa mtoni. Nyumbani ungetuchapa kwa kelele hizo. Nilikuuliza kama nasi tuanze. Ukanikanyaga mguu chini ya meza. "Tulia. Ugali unakuja."

Tukatulia. Moshi ukapungua. Mafuta yakaanza kuganda pembeni. Kila mlango wa jikoni ulipofunguka ulinyoosha mgongo, na kila mara ilikuwa ni chakula cha wengine. Ukasema tena, "Unakuja. Wanausonga."

Mwishowe mke wa Mzee Lim akaja amekunja uso. "Mama Kabichi, kwa nini hamkuli? Chakula mbaya?"

Ukasema kwa heshima zote, "Hapana, ni kizuri. Tunangojea ugali."

Alitutazama, akatazama mabakuli, akazielekezea tambi kidole. "Ugali si ndio hii?"

Mama, ulivyocheka. Ulijifunika mdomo kwa kitambaa cha kanisani na mabega yakatetemeka, na mimi nikataka kuingia chini ya meza, kisha nikaona machozi yako ya kicheko nami nikashindwa. Mke wa Mzee Lim akaturudishia supu motoni. Tulikula kwa uma, tambi zikatuponyoka. Kisha ulitazama kushoto na kulia, ukavuta moja ndefu kwa kelele, fyuuu, kama yule karani. Ukanikonyeza. "Usimwambie baba yako."

Sikumwambia. Lakini maneno yale yalihamia kwetu. Mvua ikichelewa: ugali unakuja. Gari la moshi la Baba likichelewa: ugali unakuja. Nikizunguka nyumba kabla ya mtihani unanishika bega: tulia, unakuja. Hata kule hospitali nilipokuuliza utatoka lini, ulifungua macho ukanijibu hivyo hivyo, na nesi akadhani una njaa.

Sasa unaelewa nilivyokwenda Jumamosi. Nilitembea nyuma yao nimeuma meno.

Mahali hapajabadilika. Mzee Lim amezeeka, anakaa karibu na sanduku la pesa akisinzia. Mkewe alinishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Mtoto wa Mama Kabichi! Umekuwa mrefu." Nikatazama sakafu. Nilitaka kumwomba asiseme zaidi, kisha nikataka aendelee kusema.

Meza ya dirishani ilikuwa wazi. Baba akaenda moja kwa moja kwenye meza ileile. Nikajiambia ni bahati mbaya tu.

Mabakuli yakaja. Selina alikuwa amevaa gauni la bluu na amechana nywele vizuri, lakini uzi mmoja wa sufu ulikuwa umebaki juu ya sikio. Alitazama bakuli. Akaweka mikono mapajani. Akatazama mlango wa jikoni.

Mama, nilijua mara moja. Alikuwa anangoja ugali.

Na mimi nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwache angoje. Mwache angoje mpaka supu igande, aaibike mbele ya watu, Baba aone. Nikashika uma wangu lakini sikula. Baba naye hakula. Alikuwa anatazama dirisha. Simiyu peke yake ndiye aliyekuwa anapuliza supu kupitia pengo lake.

Lakini Selina si kama wewe na mimi. Hawezi kungoja kimya. Aliinama kwangu, na hakunong'ona: "Dada, wewe ndiwe umesoma. Niambie kabla sijaaibika. Mboga hii inaliwa na nini? Mbona ugali wenyewe hauletwi?"

Karani wa meza ya jirani aligeuka. Ndiyo, makarani bado wanakula pale. Selina akamwambia, "Na wewe kula, baba, usihesabu maswali yangu." Simiyu akacheka mpaka supu ikamtoka puani.

Sijui nini kilinifungua mdomo. Labda kuitwa dada. Nilidhani angeniita mtoto. Nilisema, "Hakuna ugali. Tambi ndizo ugali." Kisha nikasikia sauti yangu ikiendelea, hata sikuituma: "Mama pia aliungoja."

Nilikuwa nimelitaja jina lako mezani. Jina la Mama. Nikaona kidole cha Baba, kilichokuwa kikigonga meza, kimesimama.

Selina hakuondoa macho. Aliuliza taratibu, "Aliungoja sana?"

"Mpaka supu ikapoa."

Akatazama bakuli lake, likiwa bado na moshi. Akalisukuma mbele kidogo, akarudisha mikono mapajani. "Basi na sisi tungoje kidogo," akasema. "Isiwe aliaibika peke yake."

Akangoja kweli, Mama. Mikono mapajani, mgongo umenyooka, kama yuko kanisani. Nikaweka uma chini. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Simiyu akatutazama mmoja mmoja. "Sasa tunangoja nini?"

Na Baba, akitazama dirisha, akasema: "Tulia. Ugali unakuja."

Mama, ulimwambia! Ulinikataza mimi, kisha wewe ukamwambia!

Nilimgeukia. Alikuwa anajaribu kucheka na mdomo haukumtii. Akasema ulimsimulia siku ileile aliporudi safari, hata hakuwa amevua kofia, na ukamwigizia kelele ya yule karani mpaka Mama Oduor akagonga ukuta. Akasema kila jioni akiwa kwenye treni iliyosimama bila sababu, huwa anajiambia maneno hayo. Alisema jina lako. Alilisema mara mbili, kama mtu anayejaribu kufuli lililoshika kutu. Kisha akaniambia, "Ndiyo maana nimewaleta hapa. Sikutaka kukuuliza jambo hili mgongoni mwake."

Selina alikuwa anafuta macho kwa mkono wa gauni. "Nyinyi watu wa reli," akasema, "mnaweza kuua mtu kwa kunyamaza. Kuleni sasa, supu imepoa ya kutosha." Mke wa Mzee Lim akaja na uso ule ule uliokunjwa, na safari hii ni mimi niliyemjibu. Mimi, Mama, kwa sauti. Nikamwambia chakula si kibaya, tulikuwa tunangoja ugali. Akanipiga kofi dogo begani, akayabeba mabakuli kuyarudisha motoni, na nilimsikia akicheka jikoni.

Njiani Baba alisema tu nifikiri mpaka leo.

Nimefikiri. Sijapata utulivu wote. Bado kuna mahali kifuani panapokataa, na nikimwona ameketi kwenye kigoda chako najua nitatoka nje nikafagie. Sitamwita Mama. Nitamwita Dada Selina, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza. Simiyu atamwita atakavyo. Lakini nilidhani nimebeba kitu peke yangu, kumbe Baba alikuwa ameshika upande wa pili wakati wote, naye alidhani yuko peke yake. Nyumba hii inahitaji mtu wa kuuliza maswali kwa sauti.

Nitamwambia Baba: aje.

Na wewe nakuahidi haya. Vitunguu sitaviacha vikauke. Simiyu nitamsimulia wewe ulivyokuwa, siyo "wakati ule," nitakutaja jina. Matokeo yakitoka, yawe mazuri au mabaya, nitakuja huko nyumbani kwa treni nikusomee mwenyewe, pale ulipolala. Na nitajaribu kutulia. Sisemi nitaweza.

Nasikia mluzi wa Simiyu kwenye lango. Yuko na Baba, na kuna mtu anacheka kwa sauti.

Pumzika sasa, Mama yangu. Nimeishusha sufuria yako kubwa kutoka kwenye msumari, nimeiosha, nimeweka maji ya watu wanne. Yameanza kuchemka. Ugali unakuja.

Mwanao,
Nafula