Waya Ambao Sikuuchoma

3 Agosti

Kaka yangu,

Kabla hata ya salamu, nina jambo sijamwambia mtu yeyote: bakteria wanaomfanya mama aimbe jikoni siku hizi ni wa uongo, na uongo huo nimeupanda mimi. Haya, hujambo? Kikohozi kimekwisha? Sisi wazima, ila mimi situlii.

Likizo hii namsaidia mama maabarani. Ile kazi yake ya miaka sita ilikubali. Ribosomu, vile viwanda vidogo vinavyounda protini ndani ya seli, huwa na vipande viwili vinavyokutana na kuachana. Mama alivifunga pamoja, akaondoa ribosomu zote za asili, na bakteria wakaishi! Ila kwa kujikokota; siku tatu ndipo unaona doa kwenye sahani ya kuoteshea.

Kazi yangu ni kuwahamishia sahani mpya kwa kijiwaya. Ukishagusa bakteria wa kawaida, unachoma waya kwenye moto kuua waliobaki, kabla ya kugusa wa mama. Siku ile fundi wa mashine akasema mbele ya wote, "Haya, daktari mdogo, tuonyeshe!" Wakageuka. Unanijua. Masikio yakanichemka, waya nikausahau.

Kesho yake sahani ya mama imejaa wale wa kawaida. Mama akapiga kigelegele: "Wamechangamka!" Tarehe kumi na nne anawaonyesha wakubwa, la sivyo maabara inafungwa. Atawaonyesha bakteria hao wa uongo.

Usijibu kwa simu. Ya nyumbani inasomwa na kila mtu.

Mdogo wako

8 Agosti

Wewe Kobe,

Salamu zangu nimezitafuta kama sindano! Kikohozi kimekwisha, njaa ndiyo imebaki. Na nyumbani msalimie baba.

Sasa sikia. Wakubwa watawapima hao bakteria. Wakikuta ribosomu za asili, hawatasema binti alisahau waya, watasema mama kadanganya. Nani atampa kazi tena? Hakuna akiba aliyoigandisha? Hao ndio wake wa kweli, hata wakijikokota. Mwambie mara tu upatapo barua hii. Ukishindwa, tarehe kumi na tatu saa kumi jioni nitampigia mimi.

Kaka yako

13 Agosti, saa tisa unusu alasiri

Kaka,

Natumaini u mzima. Baba anakusalimu. Mimi mzima wa mwili tu.

Akiba ipo, kichupa kimoja kwenye friza. Barua yako ilifika juzi. Ningesema juzi, kesho wangekuwa wameota. Sasa hawaoti mpaka tarehe kumi na sita, na mama atasimama mbele ya wakubwa na sahani tupu, akiomba siku mbili. Hilo nalo ni langu.

Nilijaribu jana mezani: "Mama, si wanakua haraka mno?" Akacheka. "Mno? Ulitaka wajikokote kama wewe ukitumwa dukani?" Baba akacheka. Nami nikacheka, kaka. Nilicheka!

Tangu mchana nakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Mara mbili nimefika mlangoni kwake, mara mbili nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Ana vikombe viwili mezani, vyote vimepoa.

Lugha ya shule ingenipa pa kujificha, ningesema hitilafu imetokea, bila kumtaja mtu. Kwa lugha yetu ya nyumbani nakosa upenyo. Ni mimi tu niliyesahau.

Nasikia ndara za mama ukumbini. Mkono umeshavuta daftari nifunike karatasi. Amesimama mlangoni.

"We mtoto, mbona umejifungia? Unaumwa?"

Nasukuma daftari pembeni. Karatasi iko wazi, wino haujakauka. Namwambia aingie, asome.