Kipande cha Tisa

Usoke, Jumapili

Kipande changu cha tisa, kadi ya kuhesabia siku za kazi, kilipotea ofisini Ijumaa, siku ileile niliyoomba kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Nilikubali vipande kumi na viwili, kila kimoja siku thelathini. Nimebakiza vitatu, lakini mizinga yangu arobaini imejaa asali msituni, na mama hawezi kupanda miti.

Karani Yohana kaniambia, "Mchwa wamekila, fundi."

"Basi mchwa wenu wanajua kusoma. Vya wenzangu wameviacha vyote."

Akacheka, akafunga dirisha.

Ruhusa ya kuondoka huandikwa nyuma ya kipande. Nikienda bila hicho nitaitwa mtoro, na mtoro hufungwa. Naogopa, sifichi.

Ila leo, nikiwa kivulini mwa bani la kukaushia tumbaku, nilisikia nyuki wakivuma kama msafara wa wapagazi wa zamani, unaoongea kwa mbali ukielekea Tabora. Nikafumba macho. Miguu yangu ilikwisha kuondoka, mwili ndio umebaki hapa ukingoja kipande.

Yohana, sasa nakuandikia wewe: kesho, kabla treni ya asubuhi haijapiga filimbi, nijibu: kipande changu umekiweka wapi?