Matobolwa juu ya dishi

Dionis, usicheke kwanza. Nimejua kwa nini nimekuacha peke yako kwenye gemu mara tatu leo.

Mara tatu! Nimezima ruta nikawasha, nimebadili waya, nimefuta gemu nikapakua upya. Wapi!

Nikampigia Mitesh, yule wa Isevya aliyeniuzia dishi la intaneti ya setilaiti. Nikamwambia kaniuzia kimeo. Nimesema "kimeo" mara nne, kaka. Yeye kwa upole tu: "Gerson, umeangalia kama kuna kitu kimeliziba?"

Nikamjibu kwa jeuri kwamba hapa kwetu Kaliua pembeni ya dishi hakuna hata mti, lizibwe na nini?

Nikatoka nje, yeye bado yuko hewani, laudspika juu, mpaka nyuma ya jiko.

Dishi halionekani. LIMEJAA MATOBOLWA!

Bibi kapanga viazi vyake vya kuchemsha, kipande kwa kipande, dishi zima. Namuuliza ndiyo nini hii, ananijibu, "Si kisahani chako kina joto? Hapa vinakauka upesi, na mbuzi hawafiki."

Mitesh akadakia kwenye simu, "Shikamoo bibi!"

"Marahaba baba. Kisahani chako kizuri mno! Huyu mjukuu wangu kila kitu analalamika tu."

Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwomba bibi aniachie hata nusu ya dishi. Kakataa katakata.

Kwa hiyo nusu fainali ya saa kumi tafuta mtu mwingine. Bibi anasema viazi vinatoka kesho.