Picha ya kijani, pale juu kushoto

Alhamisi, 13 Agosti 2009. Kitale.

Mvua ilianza saa saba mchana na mpaka sasa haijaamua kama inanyesha au inaacha. Mimi pia sijaamua.

Nimeinuka kwenye hiki kiti mara sita. Nimeangalia maharagwe, bado magumu. Nimechungulia langoni, hakuna mtu. Nimerudi. Toleo jipya la majaribio la brauza linashuka polepole, na ile taa ya bluu ya modemu inawaka, inazimika, inawaka, kama mtu anayesinzia kanisani. Baba atarudi saa kumi na moja. Kabla hajafika nataka niwe nimemaliza, au niwe nimeghairi.

Shajara, nina jambo la kukiri. Lakini acha nianze na brauza, kwa sababu kwa mambo ya brauza huwa sina aibu.

Likizo ya Aprili niliweka kwenye kompyuta ya Baba brauza ya majaribio, ile ambayo watengenezaji wanaitoa kabla haijaiva ili watu kama mimi tuichokonoe na kuwaambia imevunjikia wapi. Ilikuwa ngeni kabisa. Menyu ya juu waliiondoa. Vichwa vya kurasa ulizofungua wakavipandisha mpaka kwenye paa la dirisha. Wakaweka dirisha la siri ambalo halikumbuki ulipopita. Na ukiifungua tu, hata kabla hujaandika herufi moja, inakuletea picha ndogo tisa, safu tatu za tatu tatu. Hizo ni picha za kurasa zinazofunguliwa sana kwenye kompyuta hiyo. Ile inayofunguliwa kuliko zote inakaa juu kushoto. Hakuna anayezipanga, zinajipanga zenyewe.

Niliipenda vibaya sana. Niliandika hata kwenye jukwaa la mtandaoni la wajaribu, kwa Kiingereza changu cha insha, kwamba hizi picha zitamsaidia mtu asiyejua kuandika anwani. Watu watatu walikubaliana na mimi. Huko jukwaani hawajui kwamba mimi ni msichana wa kidato cha pili ambaye akiulizwa swali darasani huangalia viatu vyake.

Sikujua kwamba huyo mtu asiyejua kuandika anwani anaishi kwetu.

Tulifunga shule Ijumaa iliyopita. Jumamosi asubuhi nikafungua brauza, na pale juu kushoto, mahali ambapo mwezi wa Aprili palikuwa na lile jukwaa, nikakuta wewe. Blogu hii. Niliipaka kijani cha mahindi machanga, kwa hivyo hata ikiwa ndogo kama stempu naijua. Aprili ilikuwa ya nane, karibu kuanguka. Na mimi miezi mitatu nilikuwa shuleni, huko Bungoma, ambako kompyuta zetu hazijawahi kuonja mtandao.

Basi nani amekuwa akikufungua?

Nilianza na Simiyu, mdogo wangu. Ana miaka tisa na vidole vyake viko kila mahali.

"Wewe, umekuwa ukifungua blogu yangu?"

"Blogu ni nini?"

"Usinijaribu, Simiyu."

"Si mimi hucheza tu ile ya magari. Na hata hiyo Baba hunitoa, ati anataka kusoma."

"Anasoma nini?"

"Sijui, bana. Kitu ya kijani."

Nilikaa chini. Nadhani nilikaa juu ya viatu vya mtu.

Sasa ule ukweli. Uko hapa hapa, kwenye kurasa za Aprili, mwenye kutaka atarudi nyuma asome. Mwezi wa Machi ilikuwa siku ya kutembelewa. Baba ni afisa wa kilimo. Kazi yake ni kwenda shamba kwa shamba kwa pikipiki, upande wa Kiminini mpaka Naitiri, akiwaambia watu kuhusu mbolea na wadudu. Siku hiyo alitoka shamba moja kwa moja akaja shuleni, gambuti za mpira miguuni, matope mpaka magotini, na mkungu wa ndizi begani kama mtu anayehama. Akaniita kutoka langoni kwa sauti ya kuita ng'ombe. Wasichana wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sharon, ambaye ninalala kitanda cha chini yake na ambaye baba yake huja na gari, akaniuliza, "Nani huyo anakuita?"

Nikasema, "Ni mtu wa kwetu. Hufanya kazi ya shamba."

Nilisema hivyo. Halafu nikaenda nikapokea ndizi.

Baba hakusikia. Alikuwa mbali, na alifurahi siku yote. Aliniambia nimenenepa. Mimi ndiye niliyekuja hapa Aprili nikaandika kila neno, nikiamini kwamba blogu ni shimo, unasemea ndani na hakuna anayekujibu.

Juni, siku nyingine ya kutembelewa, alikuja Mama peke yake. Alileta chapati, akasema, "Baba yako ameshikwa na mahindi ya watu." Nikashukuru kimoyomoyo. Nimeandika sasa, siwezi kurudisha. Nilishukuru.

Na Ijumaa iliyopita, tulipofika Kitale na mizigo yetu, niliona mwanamume amesimama ng'ambo ya barabara, karibu na duka la mbegu. Amevaa suti ya Jumapili. Viatu vyeusi vimepakwa rangi mpaka vinang'aa, na mvua inanyesha. Hakuvuka. Hakuniita. Alingoja mpaka Sharon na wenzake wakaondoka wote, ndipo Baba akaja akachukua sanduku langu. Nilidhani alikuwa anajikinga na mvua.

Lakini duka la mbegu halina hata kibaraza.

Tangu Jumamosi sijatulia, na sasa nakuja kwa lile linaloniaibisha zaidi. Nimekuwa nikikuzika. Kila Baba akitoka, ninafungua kurasa zingine. Hali ya hewa. Magazeti. Jukwaa. Ile ya magari ya Simiyu. Ninafungua, ninafunga, ninafungua tena, mara ishirini, mara thelathini, bila kusoma kitu, ili zile picha zipande na wewe ushuke. Jumapili ulikuwa wa tatu. Jumatatu wa tano. Jumanne mchana ukafika safu ya chini. Nilihesabu kwamba nikikazana siku mbili zaidi utaanguka, na Baba hatajua njia ya kukurudia, na hatutakuwa na haja ya kuzungumza. Sisi wawili ndivyo tulivyo. Mama husema kuishi na sisi ni kama kuishi na viti.

Jumanne jioni, kabla ya chakula, akaniita. Alikuwa amekaa hapa hapa, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mayi." Ananiita hivyo, yaani mama kwa lugha yetu, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake, Nekesa.

"Eeh, Baba."

"Hizi mapicha za komputa zinahama."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Kitu kilikuwa hapa juu, siku zote. Sasa siku chache tu, kimeshuka huku chini. Si kesho kitatoka kabisa?"

"Kinaweza kutoka."

"Na mtu hawezi kukishikilia pahali pake?" Halafu akaangalia kalenda ukutani. "Kuna mtu wa ofisi anauliza."

"Bado haiwezekani, Baba. Mwambie angoje toleo linalokuja."

"Aa. Nitamwambia. Yeye si mtu wa haraka."

Nilienda jikoni nikasimama nyuma ya mlango.

Nilikuwa nimejiandaa aulize namna ya kufuta. Mtu akisoma kwamba bintiye amemkana mbele ya wasichana wenzake, angetaka kufuta, si ndiyo? Angefunga huo ukurasa mara moja na asirudi tena. Baba amerudi miezi mitatu. Kuna kurasa humu za mambo ya bure kabisa, za ugali wa shule na ndoto zangu na wimbo nilioshindwa kuuimba. Labda ndizo anazosoma. Sijui. Labda ndiyo njia pekee ambayo mimi huzungumza, na yeye ameitambua kabla yangu.

Tangu hapo nimeacha kuzika. Lakini uharibifu umeshafanyika. Leo asubuhi ulikuwa wa tisa, pembeni kabisa chini.

Na leo asubuhi hiyo hiyo, jukwaani, wametangaza toleo jipya la majaribio. Watu wanagombana, kama kawaida yao. Mmoja anasema picha zimefanywa ndogo mno. Mwingine anasema rangi ni za kitoto. Mimi nilisoma mstari mmoja tu: kila picha sasa itakuwa na pini. Ukiibonyeza, hiyo picha inakaa pale ulipoiweka, hata ukifungua kurasa zingine mara elfu.

Limemaliza kushuka sasa hivi, nikiwa ninaandika. Limejiwasha upya. Kwa muda picha zote zimekuwa nyeupe, nikajua nimekupoteza. Halafu zimerudi, moja moja, kwa uvivu. Ya kijani imerudi mwisho.

Nimeishika, nikaiburuta kutoka pembeni chini mpaka juu kushoto. Nimebonyeza pini. Nimejaribu kuichokonoa, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nimefungua hali ya hewa mara kumi. Nimefungua magari mara kumi. Imekaa.

Hii sitaipeleka jukwaani. Haina hitilafu.

Kwa hivyo, Baba, ukifika hapa.

Yule mtu wa ofisi mwambie toleo limekuja. Mwambie pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa naishusha ile picha, kwa makusudi, na naomba msamaha. Na ule uongo wa Machi niliusema juu yako wewe, ambaye ulikuwa umebeba ndizi njia yote hiyo. Sina sababu nzuri. Nilicheka na waliocheka kwa sababu niliogopa watanicheka mimi.

Siku ya kufungua shule Mama amesema atanisindikiza mpaka Bungoma. Nataka unisindikize wewe. Usivae suti, tafadhali. Njoo na gambuti, na uniite kwa ile sauti.

Mezani usiseme kitu. Nitakufa kwa aibu, na wewe utakufa kabla yangu, halafu Mama abaki na Simiyu.

Shajara, sijidanganyi kwamba nimekuwa jasiri. Sharon hufika mapema na atakuwa pale langoni. Nimejaribu ile sentensi mbele ya sufuria ya maharagwe: huyu ni baba yangu. Maneno manne. Nimeyajaribu mara tano, na yametoka na sauti mara mbili.

Bado kuna wiki kadhaa za kujaribu.

Nasikia pikipiki inapanda kilima. Nitatuma hii sasa, kabla mkono haujabadilisha nia. Leo sitarajii jibu. Ila asubuhi ile ya kufungua shule, Baba, ukitoka chumbani, nitaangalia miguu yako kwanza.